Ushuru wa Asilimia 5: Haki na Wajibu wa Wenye Blogu

Blogu za mapishi, mavazi na malezi zimekuwa kitega uchumi kwa baadhi ya vijana nchini Kenya. Tangu Julai 1, 2023, Sheria ya Fedha ya mwaka huo humtaka anayewalipa kwa matangazo, udhamini au kamisheni ya mauzo kukata ushuru wa zuio wa asilimia 5. Mswada ulikuwa umependekeza asilimia 15.

Hata hivyo, kwa mkaazi wa Kenya makato hayo si ushuru wa mwisho. Mwenye blogu aliyelipwa shilingi 200,000 kwa mwaka, bila kipato kingine, hukatwa shilingi 10,000, ilhali nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi hufuta deni lake lote la ushuru wa mapato. Fedha hizo ni haki yake, lakini ni sharti awasilishe taarifa kupitia iTax ndipo aombe kurejeshewa. Akichelewa kupita Juni 30 ya mwaka unaofuata, hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000.

Kwa hivyo, anayeanza blogu kwa nia ya kujipatia riziki anahitaji PIN ya KRA, rekodi za kila malipo na vyeti vya makato. Mali bila daftari hupotea bila habari.