MWALIMU WA NASARI NAYE ANA MWILI

Ndugu wanachama,

Siku hizi walimu wa nasari tunaitwa katika semina, tunafundishwa namna ya kujitunza. Tunaambiwa tunywe maji mengi, tupumzike, tulale mapema, tusibebe mawazo ya kazi mpaka nyumbani. Maneno hayo ni mazuri, hatuyakatai. Lakini sisi wa Kuresoi twauliza: maji hayo tutayanywa saa ngapi, na pumziko hilo nani atatupa?

Mwalimu aliye peke yake na watoto arobaini hawezi kwenda chooni. Akitoka, mmoja ataanguka na mwingine atafika barabarani. Kwa hiyo wengi wetu hawaonji maji tangu asubuhi mpaka watoto waende kwao. Mtu anayemwambia mwalimu huyo anywe maji, wala hampi mtu wa kusimama darasani dakika tano, amempa maneno matupu, na maneno matupu hayavunji mfupa.

Ijulikane kazi yetu ni ya namna gani. Huku Keringet, Olenguruone, Tinet, Kiptagich na Kamara tuko juu, zaidi ya mita 2,000. Asubuhi ni ukungu na baridi. Mvua ndefu ikianza mwezi wa Machi, njia zinazopita kati ya mashamba ya viazi na chai huwa matope tu, na mwalimu hufika amelowa. Darasani anainama kufunga viatu, anainua watoto, anaketi juu ya kiti kilichofanywa kwa mtoto wa miaka minne, anapaza sauti ili isikike mvua inapopiga mabati. Mtoto mmoja akija na mafua, wiki ile ile darasa zima lina mafua, na mwalimu pia. Koo, mgongo na magoti ndivyo vyombo vyetu vya kazi. Seremala hunoa randa yake. Dereva hutia oili katika gari la tajiri. Vyombo vyetu nani anavitunza?

Wapo watu wanaotujibu kwa maneno matatu.

La kwanza wasema: "Kazi yenu yaisha saa sita mchana." Si kweli. Saa sita watoto ndio wanaokwenda, tena si wote. Mwalimu hungoja mzazi wa mwisho, hufagia, huandika maendeleo ya kila mtoto, hutayarisha somo la kesho, hukata makatoni na kuosha vifuniko vya chupa vya kufundishia hesabu. Saa hizo haziandikwi popote, na kazi isiyoandikwa huhesabiwa kama haikufanywa.

La pili wasema: "Hiyo ni kazi ya mama, ni wito." Twajua neno hili limetoka mbali. Wakati wa Hali ya Hatari, baina ya mwaka 1952 na 1960, watoto katika vijiji vya lazima vya Mkoa wa Kati waliwekwa mahali pa kuangaliwa huku mama zao wakipelekwa kazi za kulazimishwa. Baada ya uhuru, 1963, wazazi walijenga nasari kwa Harambee na kumlipa mwalimu kwa senti walizochanga. Mavuno yakiharibika, mwalimu hakulipwa. Hata elimu ya msingi ya bure ilipoletwa mwaka 2003, nasari iliachwa nje. Ndiyo sababu mwalimu wa nasari amehesabiwa muda mrefu kama jirani mwema, si mfanya kazi. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imeiweka elimu hii mikononi mwa serikali za kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Leo PP1 na PP2 ni sehemu ya mtaala wa taifa. Kazi imekuwa ya taifa; basi mwenye kuifanya asiendelee kutendewa kama mtu wa hisani. Daktari naye ana wito, wala hakuna amwambiaye afanye kazi bila likizo.

La tatu wasema: "Hakuna fedha." Ni kweli kumwajiri mwalimu wa pili kwahitaji fedha, nasi tutazidi kudai aajiriwe. Lakini kiti kimoja cha mtu mzima ni bei gani? Mwalimu mkuu kupanga zamu ya dakika kumi ni bei gani?

Tena, ndugu, mengi ya haya si maombi, ni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi apate siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Apate siku 21 za likizo yenye malipo baada ya mwaka mmoja wa kazi. Mama aliyejifungua apate miezi 3 kwa mshahara kamili. Aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, apate siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kwa uchache. Na mwajiri lazima atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Kifungu cha 41 cha Katiba chatupa haki ya hali nzuri ya kazi, haki ya kuingia chama na haki ya kugoma. Tena mwaka 2013, huko Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha miongozo juu ya kazi yenye heshima kwa walimu wa watoto wadogo. Basi hatudai jambo geni.

Na sisi wenyewe tufanye nini? Twapendekeza haya kwa kila tawi:

1. Sauti. Tusishindane na watoto kwa kelele. Tumia kengele, makofi au wimbo wa kuwanyamazisha. Koo likikauka wiki mbili, nenda zahanati.

2. Mgongo. Chuchumaa kwa magoti, usiiname kwa kiuno. Mtoto anayeweza kupanda benchi apande mwenyewe.

3. Zamu. Mwalimu wa nasari na mwalimu wa Gredi ya 1 waangaliane madarasa dakika kumi kila asubuhi. Nasari iliyo peke yake, kamati ya wazazi ilete mzazi mmoja kwa zamu.

4. Ugonjwa. Usije kazini na homa ili usifiwe. Utawaambukiza watoto, na sifa hazinunui dawa. Toa habari mapema, chukua cheti, weka nakala.

5. Mzigo wa moyo. Mtoto akija na njaa au alama za kipigo, usilibebe jambo hilo peke yako usiku kucha. Mwambie mwalimu mkuu, naye afisa wa watoto aarifiwe. Tukutane mara moja kwa mwezi tusemezane.

6. Daftari. Kila siku andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, hesabu ya watoto, na siku ulizougua. Hili ni kubwa kuliko yote. Mjumbe wetu akienda kuzungumza na mwajiri bila hesabu, atarudi na ahadi. Akienda na madaftari ya shule ishirini, watalazimika kumsikiliza.

Mwalimu mmoja akiketi kupumzika, huitwa mvivu. Walimu wote wa Kuresoi wakiketi dakika kumi zile zile, kwa zamu iliyoandikwa, huo ni utaratibu wa kazi. Ndiyo maana twasema kujitunza si shauri la mtu mmoja nyumbani kwake, ni shauri la chama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndugu, anzeni daftari Jumatatu hii. Mleteni katika mkutano wa tawi yule mwenzenu ambaye hajalipa ada. Watoto wa wakulima na wa wachuma chai wataka mwalimu mzima, mwenye sauti na nguvu, nasi hatutakubali tena kuchakaa kimya kimya.

UMOJA NI NGUVU.