Kesi Zafunguliwa kwa Simu, Lakini Nani Atashika Karatasi za Mnyonge?

Tangu tarehe 11 Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome alipozindua mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao katika mahakama za nchi nzima, wakili hahitaji tena kupanga foleni masjala na bahasha kwapani. Hati zinapakiwa mtandaoni, ada inalipwa kwa simu, basi. Wengi waliichukua habari hii kuwa ya Nairobi na Mombasa. Mimi, ambaye kazi yangu ni uwakili, naiona kuwa habari ya miji midogo hasa, na mji ninaoutazama sana ni Olenguruone.

Wasomaji wa Lamu na Vanga huenda hawajafika huko. Ni mji mdogo wa Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, kwenye baridi ya Mau, kwa watu wa chai na viazi. Lakini kwa habari za ardhi, Olenguruone ina historia nzito. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamishia hapo Wakikuyu iliowatoa kwingine, kisha ikawataka watie saini masharti yaliyowafanya kuwa wapangaji tu, si wenye ardhi. Wakakataa, wakala kiapo. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wameshafukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta. Baada ya uhuru yakaja mapigano ya 1992, kisha yale ya baada ya uchaguzi wa 2007. Na katika msitu huohuo wa Mau, Waogiek walilazimika kwenda hadi Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika, ndipo wakaishinda serikali tarehe 26 Mei 2017.

Mahali kama hapo, mtu akiambiwa "tia sahihi hapa" ana haki ya kushtuka. Kwa hivyo kijana atakayefungua ofisi ya uwakili Olenguruone, ya chumba kimoja, karani mmoja na kompyuta moja, ajue kwamba mtaji wake wa kwanza si fanicha. Ni namna anavyoshika karatasi na pesa za watu.

Nianze na pesa, maana hapo ndipo mawakili wengi wadogo huangukia. Bei ya shamba ikipitia kwa wakili, si pesa zake. Kanuni za hesabu za mawakili zinamtaka aziweke katika akaunti ya wateja, mbali na akaunti ya ofisi. Siku hizi mnunuzi anakwambia, "Wakili, nakutumia kwa simu yako." Kataa. Pesa ya shamba ikishachanganyika na karo ya mtoto wako kwenye simu moja, hakuna hesabu itakayokuokoa mbele ya Mahakama ya Nidhamu ya Mawakili. Fungua nambari ya malipo inayoingia moja kwa moja benki, na kila shilingi itolewe risiti.

Ada nayo isemwe mapema, kwa maandishi. Mkulima asiye na pesa taslimu atakuahidi kipande cha shamba tukishinda. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya kugawana kinachopatikana kesini, na huku kwetu najua vijiji ambavyo wenyeji wanasimulia jinsi kesi ilivyoshinda na ekari zikapungua.

Kisha kuna shajara. Ofisi ndogo haihitaji programu ya bei ghali. Daftari kubwa la tarehe mezani latosha, mradi lifunguliwe kila asubuhi. Uuzaji wa shamba la kilimo unahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lapelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Dai la kurudisha ardhi lina miaka 12. Mteja hazijui tarehe hizi, wala si kazi yake kuzijua.

Jingine ni daftari la majina. Katika mji ambao kila mtu ni jirani ya mwenziwe, na majirani wamewahi kukimbiana usiku, muuzaji atakuja Jumatatu na mnunuzi Alhamisi. Kabla hujasikiliza siri ya yeyote, tazama kama mwenzake hakukutangulia. Ukionekana wakili wa kabila moja, ofisi imekufa hata kama mlango u wazi. Na mapatano yasomwe kwa lugha anayoielewa mwenye kutia sahihi, Kipsigis au Kikuyu, mkalimani akiandikwa jina lake.

Hati za asili? Zipige picha, mrudishie mwenyewe. Ukilazimika kubaki nazo, mpe karatasi yenye muhuri inayosema umebaki na nini na tangu lini.

Mshindani wa ofisi hii si wakili mwenzake. Ni dalali na duka la kompyuta linalouza mapatano ya ardhi yaliyochapwa tayari. Sheria inakataza asiye wakili kuandaa hati hizo kwa malipo, lakini watu wanakwenda kwa sababu ni karibu na bei inajulikana. Wakili naye abandike mlangoni ada ya ushauri wa kwanza. Na mwenye deni la magunia ya viazi lisilozidi shilingi milioni 1 aambiwe ukweli, kwamba Mahakama ya Madai Madogo inamruhusu kujisimamia mwenyewe.

Nasema haya kwa watu wa Pwani kwa sababu sisi tunakaa katika nyumba zisizo na ardhi chini yake, tukilipa ijara kwa mwenye kiwanja tusiyemwona, na Witu, Kaloleni na Lunga Lunga zinahitaji ofisi za namna hii kuliko Mombasa mjini. Mfumo wa mtandao umeondoa kisingizio cha umbali. Mpaka ofisi hizo zije, kabla ya kumkabidhi mtu hati ya marehemu baba, tafuta jina lake katika orodha ya mawakili kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria, uone kama leseni yake ya mwaka huu imelipiwa.