Kukonda ao kunenepa: kicheko cha mtaani kinaishia kwenye farmasi

Goma, Bukavu ao Uvira, salamu nyingi zinaanzia kwenye mwili. «Mama, ulikonda hivi, uko mgonjwa?» Kabla mama hajajibu, mwingine anaongeza: «Ao bwana hakulishi?» Kwa aliyenenepa, salamu ni ingine. Motari anamutazama, anacheka, anamuomba alipe nafasi ya watu wawili. Kwenye masomo watoto wanamuita mwenzao «pipa», na kuna mwalimu ambaye, badala ya kukataza, anacheka nao.

Watu wanasema ni muchezo tu. Lakini muchezo huo una bei, na wasichana wanailipa kwenye farmasi.

Dawa yenyewe ni deksametasoni, ambayo wengi wanaiita «dexa». Inauzwa bila karatasi ya munganga, hata kidonge kimoja kimoja. Ni dawa ya kweli: mwaka 2020 ilionekana kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wa COVID-19 waliokuwa wanapumua kwa oksijeni. Lakini msichana anayeimeza ili mashavu yajae hapati nyama. Maji yanabaki mwilini, mafuta yanajikusanya usoni na tumboni, huku mikono na miguu inapoteza nguvu. Sukari ya damu inapanda, tansio nayo, mifupa inalegea, na mwili unashindwa kupigana na magonjwa. Wengine wanameza siproheptadini, dawa ya aleji inayoleta hamu ya chakula na usingizi.

Nani aliwatuma? Ni shangazi, jirani, mukwe, na wenzao wa masomo. Kwetu, kwa muda mrefu, tumbo la baba lilimaanisha makuta, na bibi munene alikuwa ushuhuda kwamba bwana anajua kutunza nyumba. Siku hizi simu inaleta amri ya pili: tumbo lilale, makalio yajae. Hakuna mwili unaoweza kutii wote wawili.

Kukonda kunabeba aibu nzito zaidi. Tangu miaka ya 1980 na 1990, wakati dawa hazikuwepo, mutu aliyekonda anahukumiwa kuwa na SIDA. Leo anayemeza dawa zake vizuri anaweza kuwa na kilo zake zote, na virusi vinajulikana kwa kupima damu, si kwa kutazama shingo ya mutu. Hata hivyo maneno yanaendelea, na matokeo yake ni mabaya: anayekohoa wiki mbili na kukonda anaogopa kuonekana kwenye hospitali. Anajifungia nyumbani. Kama ni kifua kikuu, anakipitisha kwa watoto wanaolala naye chumba kimoja, wakati dawa za ugonjwa huo zinatolewa bure.

Tena, katika eneo ambako jamaa nyingi zilikimbia vita na zinakula mara moja kwa siku, kumuuliza mama kwa nini amekonda ni swali gani?

Ni kweli, unene mwingi unaweza kuleta sukari na tansio. Hilo ni jambo la kuongea na munganga, mlango umefungwa. Na anayecheka hadharani naye angepimwa: tansio inashika wembamba pia.

Kifungu cha 16 cha katiba kinasema mwanadamu ni mutakatifu, na sheria ya azabu ya Congo inaazibu matusi ya hadharani. Hakuna atakayefika tribinali kwa sababu ya «pipa», na si lazima. Wakubwa wa masomo wanaweza kukataza majina hayo kuanzia kesho, kwanza kwa walimu wao. Wakaguzi wa afya nao watembelee farmasi za kartiye na kuuliza dexa inatoka kwa karatasi ya nani.

Aliyekwisha kuizoea dexa asiiache kwa siku moja. Baada ya muda mrefu mwili unasahau kutengeneza homoni yake, na kuacha gafla kunaweza kumuangusha mutu, hata kumuua. Amuone munganga, amwambie kweli anameza ngapi, naye atapunguza kidogo kidogo.