Picasso kwa Dola 5, Halafu Wewe Unaturingia Sebule

Wadau, kuna staa wetu mmoja, jina kapuni, juzi kaposti mchoro mkubwa sebuleni kwake, chini kaandika eti sanaa siyo ya kila mtu. Watu wakampigia makofi. Mimi nakataa.

Kule Ohio, Marekani, kuna chuo kinaitwa Oberlin. Makumbusho yake ya sanaa, Allen Memorial Art Museum, yalifunguliwa mwaka 1917 na yana kazi zaidi ya 15,000. Sasa sikia hii. Tangu miaka ya 1940, mama mmoja aitwaye Ellen Johnson alipoanzisha utaratibu huo, wanafunzi wanakodishwa michoro halisi, siyo nakala, wakatundike chumbani bwenini. Wamo Picasso, Warhol na Dalí. Bei? Dola 5 kwa muhula! Vijana wanakesha nje kwenye mahema kuwahi foleni, kama watu wanavyowahi tiketi za Simba na Yanga.

Hao ni vijana wa bweni jamani, wanaokula kitandani na kumwaga chai. Chuo kingeweza kusema watachafua. Kimewaamini, na mpaka leo utaratibu upo.

Vyuo vyetu navyo vina wanafunzi wa sanaa. Mchoro wa mmoja ukitundikwa chumbani kwa mwenzake anayesoma uhasibu, hasara iko wapi?

Na wewe staa, mchoro wa kuwaonesha wenzio kwamba hawana ni fenicha tu.

Au nakosea? Semeni, wadau.