Kijana wa Detroit na Bei ya Embe Bichi

Juzi usiku, baada ya sala ya isha, nilikuta vijana barazani wamesahau kahawa yao kwa ubishi. Hawakuwa wakibishania kandanda bali mpira wa kikapu wa Marekani, na aliyewagonganisha ni Cade Cunningham wa timu ya Detroit Pistons. Mmoja akanigeukia akaniuliza: "Ami, wewe ungempa fedha zote zile mtu ambaye timu yake ilikuwa ikishindwa kila siku?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Mwezi wa Julai 2024, Pistons walimpa kijana huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 22, mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 224. Hizo ni fedha zisizoingia akilini mwa mtu kama mimi, ninayehesabu shilingi za boflo. Tena alipewa baada ya msimu ambao timu ilishinda michezo 14 tu kati ya 82, na ikashindwa mara 28 mfululizo. Msimu wa kabla ya huo alicheza michezo 12 tu, kisha akafanyiwa upasuaji wa mguu. Basi walionuna walikuwa na haki ya kununa.

Ama mimi nilikumbuka chuoni. Mwalimu wetu wa fikihi alitufundisha kwamba matunda hayauzwi yakiwa mtini mpaka yaonyeshe dalili ya kuiva, kwa kuchelea mmoja wa wawili asije akadhulumika. Mwanadamu si embe, na mkataba wa mchezaji ni ujira wala si mauzo. Lakini hekima ni ile ile. Na tuangalie vizuri: hatukuambiwa tungoje tunda liive hata lianguke. Tuliambiwa tungoje dalili.

Je, dalili zilikuwapo? Naam. Tarehe 26 Desemba 2023, Pistons waliposhindwa na Brooklyn Nets mara ya 27 mfululizo, Cunningham peke yake alitia pointi 41. Msimu ule wote wastani wake ulikuwa pointi 22.7 kwa kila mchezo. Huyo ni nahodha aliyeshika usukani vizuri katika jahazi linalovuja kila upande. Anayemlaumu nahodha kwa mbao zilizooza hajui bahari.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapomthamini kijana katika timu inayojengwa upya. Huhesabu ushindi wa timu, wakampa yeye peke yake lawama ambayo ni ya watu kumi na tano. Mimi naona aulizwe anafanya nini kwa mkono wake mwenyewe, kisha watazamwe waliomzunguka, wanamsaidia au wanamzuia.

Bado kuna hofu ya kukosea, na hofu hiyo si ya bure. Mishahara ya timu ina kiwango kilichowekwa na ligi, na mkataba wa namna hii humeza robo nzima ya kiwango hicho. Akiumia tena, timu imefungwa mikono. Pistons hao hao, mwaka 2023, walimpa kocha Monty Williams mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78.5 kwa jina alilolijenga kwingine. Baada ya msimu mmoja walimfukuza, na deni likabaki shingoni mwao.

Kilichonipendeza katika mkataba wa kijana ni sharti moja. Angechaguliwa miongoni mwa wachezaji 15 bora wa ligi, ujira wake ungepanda kutoka robo ya kiwango hadi asilimia 30, yaani jumla ya dola milioni 269. Embe likiiva vyema kuliko lilivyodhaniwa, muuzaji hapunjiki. Lisipoiva hivyo, mnunuzi halipi ziada.

Kisha timu ikatengeneza jahazi. Walimleta kocha J.B. Bickerstaff na watu wazima kama Tobias Harris na Malik Beasley. Msimu wa 2024-25 Pistons walishinda michezo 44, na Cunningham akawa na wastani wa pointi 26.1. Mwezi wa Mei 2025 akachaguliwa kati ya wale 15, na sharti likatimia.

Basi nilimjibu yule kijana: "Ningempa, mwanangu, lakini nisingempa kisha nikamwacha peke yake." Fedha peke yake hazikuiokoa Detroit. Kama wangelipa mamilioni yale na kuziacha mbao mbovu, leo tungekuwa tunasema kijana hana thamani, na kosa lingekuwa la wenye timu.

Sisi wazee tuna mazoea ya kumthamini kijana baada ya wengine kumthamini. Akifaulu tunasema ni wetu, akiwa bado bichi tunasema hafai. Nilipofika nyumbani niliandika ubeti huu:

Mwenye kuthamini embe, kwanza atazame shina,
Asiutilie wembe, kwa kukosa tunda jana,
Wala bei asirembe, kwa sifa zisizo mana,
Na subira impambe, mkataba utafana.