Jicho lililobaki lisisubiri pazia

Mfanyabiashara aliyepofuka jicho moja kwa retina, utando wa nyuma ya jicho, kubanduka, hurudi Namanga au Busia akiamini lililobaki ni zima. Takriban mtu 1 kati ya 10 waliopatwa na tatizo hilo hupatwa nalo jicho la pili pia, maana udhaifu ulioponza la kwanza mara nyingi upo pande zote mbili.

Aogope zaidi mwenye miwani mizito ya kuonea mbali, aliyetolewa mtoto wa jicho, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua hivyo. Kupimwa miwani dukani hakutoshi. Daktari wa macho atie matone ya kupanua mboni, atazame nyuma. Tundu likigunduliwa mapema huzungushiwa leza na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo (asiendeshe gari tu, matone yanatia ukungu). Retina ikishabanduka ni upasuaji, na biashara husimama kwa wiki kadhaa.

Lakini wengi wetu tukiona mimweko kama radi, vidoa vingi vya ghafla au kivuli kama pazia pembeni, tunasema tutaonana na daktari tukimaliza safari. Hilo ni la siku ileile, uko upande wowote wa mpaka.

Hapo serikali zetu zina deni. Lori huvuka na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA; bima ya afya ya mwenye mzigo kwa kawaida huishia getini. Mawaziri wa Jumuiya waanze na dharura za macho: leza ya Moshi ilipiwe kwa kadi ya Nairobi, na ya Nairobi kwa kadi ya Arusha.