KAWIA UFIKE: WATOTO WADOGO NA SAFARI YA PWANI

Mwisho wa kila mwaka, shule zikisha kufungwa, barabara itokayo Nairobi kwenda Mombasa hujaa magari yaliyopakia watoto. Makarani waliopata likizo, wakulima waliokwisha kuvuna, na walimu waliokwisha kusahihisha mitihani, wote hukata shauri kwamba mara hii watoto nao waione bahari. Ni jambo la kusifiwa. Zamani, kabla ya Uhuru wa 1963, wanaume wengi wa bara waliiona Mombasa kwa ajili ya kazi tu, bandarini au katika reli, na mama na watoto walibaki nyumbani wakingoja barua. Mtoto wa leo achezaye mchangani karibu na baba yake amepata kitu ambacho babu yake hakukipata.

Lakini safari ni safari. Wahenga walisema, "Msafiri maskini ajapokuwa sultani." Na katika gari hakuna aliye maskini kuliko mtoto mdogo. Yeye hakuchagua saa ya kuondoka, hashiki usukani, wala hawezi kusema, "Simamisha gari, dereva amechoka." Yote hayo ni juu ya wazee wake.

SHAURI LA BABA NA SHAURI LA MAMA

Mfano ni karani wa Nakuru, mwenye shamba dogo na ng'ombe wawili wa maziwa. Ana mke na watoto watatu: wa kwanza ana miaka minane, wa pili miaka minne, na wa mwisho miezi tisa. Amepewa likizo ya siku saba. Toka Nakuru hata Mombasa ni kilomita 640 hivi, na kila siku itumikayo njiani ni siku iliyopotea baharini. Kwa hiyo bwana huyu amefanya hesabu yake.

"Mama Watoto," asema, "Ijumaa nikitoka kazini tutaondoka mara moja. Usiku hakuna jua, watoto watalala, na alfajiri tutakuwa Mombasa. Wala hatutalipa kitanda cha mtu njiani."

"Ni kweli, Baba Watoto, watoto watalala," ajibu mkewe. "Na wewe je, utalala saa ngapi?"

Bwana ananyamaza, maana katika hesabu yake hakuliweka jambo hilo.

Na hesabu yenyewe ni hii. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri ili akamue ng'ombe, akaenda kazini, kisha akashika usukani jioni, atakapofika karibu na Voi saa tisa za usiku atakuwa amekesha saa 22. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtu aliyekesha saa 17 tu, wepesi wake wa kuona na kutenda hupungua kama wa mtu aliyekunywa pombe. Gari liendalo mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Basi dereva akisinzia kwa sekunde tatu, gari limekwenda mita 66 bila mwenyewe. Na barabara hiyo ndiyo ipitayo malori marefu yanayochukua makontena ya bandari mpaka Uganda, Rwanda na Kongo. Usiku mengine huharibika yakasimama njiani bila taa, na madereva wengine hujaribu kuyapita wasijue mbele kuna nini. Fedha ya kitanda kimoja si kitu mbele ya hayo.

Kwa hiyo shauri la mama ndilo lililoshinda. Wataondoka Jumamosi alfajiri, baada ya bwana kulala usingizi kamili, nao wataigawa safari sehemu mbili. Makindu iko karibu nusu ya njia yao. Hapo pana hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926, nalo limejulikana miaka mingi kwa kuwapokea wasafiri wa kila kabila na kila dini. Chakula hutolewa bure, na hutolewa vyumba vya kulala vikiwapo. Mgeni huacha sadaka kadiri ya uwezo wake. Sharti lake ni adabu tu: kuvua viatu, kufunika kichwa, na kutoingia na tumbako wala pombe. Akikuta vyumba vimejaa, msafiri atapata nyumba za wageni hapo Makindu au mbele, Mtito Andei. Yafaa apige simu kabla ya kuondoka, hasa mwezi wa Desemba.

Tena, mzee asiye na gari, au asiyependa barabara, anayo reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Gari la moshi hutoka Nairobi hata Mombasa kwa saa tano au sita, na mtoto aweza kusimama akajinyosha. Lakini tikiti za sikukuu huisha mapema. Ajaye kuinunua siku ya safari huenda akarudi nyumbani na mizigo yake.

KUKETI KWA WATOTO

Desturi ya wengi ni kumpakata mtoto mchanga katika kiti cha mbele, wakidhani mikono ya mama ndiyo salama kuliko yote. Mapenzi hayo ni ya kweli, bali nguvu hazitoshi. Gari likigonga kitu kwa kasi, mtoto wa kilo tisa huvutwa mbele kwa nguvu za mzigo wa kilo mamia, wala hakuna mikono ya mwanadamu iwezayo kumzuia. Mtoto mchanga yampasa kiti chake mwenyewe, kilichofungwa katika kiti cha nyuma cha gari, naye aelekee nyuma. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa, maana mfuko huo ukifumuka waweza kumwua. Mtoto wa miaka minne naye ana kiti chake chenye mikanda. Wa miaka minane bado ni mfupi, hivyo huketi juu ya kiti cha kumwinua mpaka atimize kimo cha sentimita 135 hivi, ili mkanda upite begani na usimkabe shingoni.

Viti hivyo vina gharama. Lakini ndugu na majirani huazimana sufuria za arusi na viti vya matanga. Kwa nini wasiazimane kiti cha mtoto? Anayeazima na ahakikishe tu kwamba hakijapata ajali wala mikanda yake haikukatika.

CHAKULA, MAJI NA KICHEFUCHEFU

Watoto wa miaka miwili hata kumi na miwili ndio wasumbuliwao zaidi na kichefuchefu cha gari. Mama mwenye busara huwapa chakula chepesi kabla ya kuondoka, kama uji au mkate mkavu, wala hawajazi chapati za mafuta na maziwa mengi. Mtoto aketipo aangalie mbali nje, asiinamie kitabu wala simu ya baba yake. Kioo kifunguliwe kidogo apate hewa. Na karibu na mama iwepo mifuko, kitambaa chenye maji na nguo moja ya kubadili, si chini ya mizigo yote.

Kila baada ya saa mbili gari na lisimame mahali pa salama, mbali na lami, watoto washuke wakimbie kidogo, na dereva ajinyoshe. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, yaliyochemshwa. Embe za Ukambani ziuzwazo kando ya njia ni tamu sana msimu huo, ila zioshwe na kumenywa kwanza. Mtoto akiharisha, dawa ya kwanza ni kumrudishia maji mwilini. Pakiti za chumvi chumvi za kuchanganya na maji hupatikana katika maduka ya dawa. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari visivyorundikwa, na nusu kijiko cha chumvi, akanyweshwa kidogo kidogo. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Akilegea, macho yakaingia ndani, au akakataa kunywa, hapo si shauri la njiani tena. Apelekwe hospitali iliyo karibu.

Na jambo moja lisisahauliwe. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika za kununua soda. Gari lililosimama juani huongeza joto kwa digrii 10 hivi katika dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima.

BARABARA NI DARASA

Mzee ajuaye nchi hachoki kuulizwa, "Tutafika lini?" kwa kuwa huwapa watoto kitu cha kutazama. Wakipita Emali na Makindu awaonyeshe reli mbili: ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa la Nyanza mwaka 1901, na mpya iliyopita karibu nayo. Karibu na Kibwezi awaambie wahesabu mibuyu, na atakayeona hamsini kwanza apewe embe. Baada ya Mtito Andei barabara huwa kati ya mbuga mbili, Tsavo ya Mashariki na ya Magharibi, ambazo zilitengwa mwaka 1948 zikiwa mbuga moja. Hapo tembo ni wekundu, si kwa kuzaliwa, bali kwa udongo wanaojipaka. Mtoto wa miaka minane hawezi kuusahau mto Tsavo akisimuliwa habari za mwaka 1898, simba wawili walipowala wajenzi wa daraja la reli hata kazi ikasimama, na kwamba simba hao leo wamo katika jumba la makumbusho huko Chicago. Wa miaka minne asimuliwe habari za tembo tu, akalala vizuri.

Lakini humo mbugani watoto hawashuki kuchezea nyani, wala hawawatupii ndizi. Nyani aliyezoea chakula cha watu huwa mnyang'anyi. Mahali pa kupumzika ni mijini, Mtito Andei na Voi, au huko Mackinnon Road penye msikiti ambapo wasafiri wengi husimama kusali.

MBU NA BAHARI

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na mbu wa malaria ni haba huko. Kwa sababu hiyo mtoto wa nyanda za juu hana kinga kama ya mtoto wa Pwani, na ugonjwa ukimshika humshika vibaya. Kabla ya safari wazee wamwone daktari wawaulize juu ya dawa ya kuzuia. Na katika mizigo chandarua chenye dawa kitangulie nguo za baharini. Jioni watoto wavae nguo za mikono mirefu.

Pwani nako, bahari si mto wa nyumbani. Hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka sana. Mahali mtoto alipocheza asubuhi pakiwa pakavu, baada ya saa sita pana kina cha kumzamisha mtu mzima. Mgeni awaulize wavuvi, "Maji yajaa saa ngapi leo?" Hawatamcheka, watamcheka asiyeuliza. Mtoto mdogo majini awe umbali wa mkono wa mzee wake, na mzee huyo asiwe na simu mkononi. Siku moja ya likizo na iwe ya mji: Mji wa Kale, na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

KURUDI NYUMBANI

Wengi hudhani kwamba safari imekwisha mizigo ishushwapo mlangoni. Ugonjwa wa malaria hujificha mwilini siku saba na zaidi kabla ya kujionyesha, na mara nyingine hata mwezi. Mama wa Nakuru akiona mtoto wake mchanga ana homa siku ya kumi baada ya kurudi, asiseme ni meno. Ampeleke zahanati siku ile ile, na neno la kwanza amwambialo mwuguzi liwe hili: "Tulikuwa Pwani." Mwuguzi wa nchi ya baridi huenda asifikirie malaria pasipo neno hilo, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano kuchelewa siku moja au mbili kwaweza kumwondoa.

Kama baba wa Nakuru angefuata hesabu yake ya kwanza, angeokoa siku moja ya likizo na bei ya kitanda. Kwa kumsikiliza mkewe ametoa vyote viwili, naye amefika na watoto watatu, akarudi na watatu. Huenda jirani aliyempita kwa kasi pale Sultan Hamud atamdhihaki kwamba yeye alifika mapema. Na adhihaki. Jibu lake lilikwisha kutolewa na wazee zamani: kutangulia si kufika.